Kabla Hujasema Umempata

Kila kundi la mafunzo kwa vitendo likifika hapa Mtwara, hazipiti wiki mbili kabla mtu hajaingia maabara mbio, sahani ya petri mkononi, anasema nimempata. Umempata nani? Bakteria anayeishi ndani ya mzizi wa mtama na kunasa naitrojeni ya hewani. Umejuaje ananasa? Ameota kwenye agari, ule mgando wa kuoteshea bakteria, isiyo na naitrojeni. Umejuaje katoka ndani? Mzizi niliuosha. Hapo mazungumzo yanakuwa yamekwisha, nami naanza upya somo lilelile nililompa mwenzake wa mwaka jana, na wa mwaka juzi.

Safari hii naandika. Simu mnazo mikononi kutwa nzima, basi someni na hili. Sielezi naitrojenasi, kimeng'enya cha bakteria kinachonasa naitrojeni, ni nini wala kwa nini inakula ATP 16, yaani nishati ya seli, kwa kila molekuli ya naitrojeni. Hayo mmefundishwa na mtihani mmefaulu. Naeleza yale mnayoyakosea pamoja na alama zenu nzuri. Kazi hii naipenda, na ninyi nawapenda, ila nimechoka kuona sampuli nzuri za watu zinaishia kwenye pipa. Wenye sampuli hizo ni wakulima wa Newala na Ruangwa, ambao mfuko mmoja wa yuria ni hesabu ya nyumba nzima.

1. Kuota si kunasa.

Agari yenyewe ina mabaki ya naitrojeni. Hewa ya maabara ina amonia. Seli ulizozihamisha zimekuja na akiba yao. Wapo bakteria wengi wanaoweza kujikimu kwa makombo hayo na kukutolea koloni za kupendeza bila kunasa chochote. Ukitaka kuwatenganisha, rudi kwenye neli zenye media (chakula cha kuoteshea bakteria) nusu-mgando, agari kama gramu 1.8 kwa lita, chanzo cha kaboni kiwemo, naitrojeni isiwemo. Ziache zitulie. Anayenasa hajazani juu. Anajenga utando mweupe, mwembamba, milimita chache chini ya uso wa media, na siku zinavyokwenda utando unapanda polepole. Pale alipokaa ndipo oksijeni inapomtosha kupumua bila kuiharibu naitrojenasi yake. Kina hicho amekichagua mwenyewe. Sasa wewe unaichukua neli, unailaza ili mwenzako aone vizuri, utando unavunjika, oksijeni inaingia, na kesho unaniuliza kwa nini amekufa. Neli haitikiswi. Unainama wewe, unaitazama ikiwa imesimama.

Mbinu hii ya neli tumeirithi kwa Johanna Döbereiner, aliyezaliwa mwaka 1924 huko Czechoslovakia, akahamia Brazil baada ya vita na kufanya kazi Seropédica, karibu na Rio de Janeiro, mpaka uzeeni. Mwaka 1988 yeye na Cavalcante walimweleza bakteria wa ndani ya muwa ambaye leo anaitwa Gluconacetobacter diazotrophicus. Huyu anaota vizuri kwenye sukari ya asilimia 10, na uchachu haumsumbui, kwa sababu ndani ya muwa ndiko kwao. Media za kawaida, zenye sukari kidogo na pH ya karibu 7, zingempita. Muulizeni mvuvi yeyote wa Mikindani: matundu ya nyavu ndiyo yanayoamua utarudi na samaki gani. Kwa hiyo kabla hujapima gramu zako, jiulize huko ndani ya mmea wako kuna sukari kiasi gani na uchachu kiasi gani.

Utando ukiupata, uhamishe kwenye neli mpya mara kadhaa. Ukiendelea kujijenga, ndipo uende kwenye kipimo cha asetilini, gesi ambayo naitrojenasi inaigeuza kuwa ethilini. Hapo napo weka neli yenye bakteria bila asetilini, na neli yenye asetilini bila bakteria, kwa sababu wapo viumbe wanaotoa ethilini kwa shughuli zao wenyewe, na gesi ya dukani inaweza kuja na ethilini yake. Kama unatengeneza asetilini kwa kabaidi, ipitishe kwenye maji kwanza, ina uchafu. Binti mmoja nilimtuma kabaidi kwa wachomelea vyuma, fundi akamuuliza kwa ukali kama ana maembe ya kuivisha. Alirudi mikono mitupu na amenuna. Nendeni na barua.

2. Maji ya mwisho ya kusuuza yamwage kwenye sahani.

Spiriti ya asilimia 70 kwa dakika moja, kisha Jik iliyochanganywa na maji, kisha maji safi yaliyochemshwa kwenye otoklevu, ile sufuria ya mvuke wa shinikizo inayoua vijidudu, mara tano au zaidi. Hayo mnayafanya. Mnalolisahau ni kuchukua maji ya suuzo la mwisho na kuyaotesha, halafu kuuviringisha mzizi wenyewe juu ya agari kabla ya kuusaga. Vikiota vitu pale, huna bakteria wa ndani ya mmea, una udongo wa Nanyumbu. Na muda wa Jik haufanani kwa kila mzizi: wa mbaazi mnene unavumilia, wa ufuta mwembamba ukiuzidishia unawaua hata waliomo ndani, unabaki na sahani nyeupe na kuandika kwamba ufuta hauna bakteria.

3. Kontroli. Hapa nitakaa, mnivumilie.

Nilipokuwa na umri wenu nilitoa bakteria kwenye mizizi ya mahindi. Utando alikuwa nao, kipimo cha asetilini alikipita, suuzo la mwisho lilikuwa safi. Nikajaza mchanga uliooshwa kwenye ndoo ndogo, nikapanda mahindi. Bakteria nikamwotesha kwenye mchuzi wa peptoni na dondoo ya nyama mpaka ukawa mzito, nikamimina mililita 50 kwenye kila shina, na kila wiki nikarudia. Ndoo za kontroli, yaani za kulinganishia, zisizo na bakteria, nikazipa maji, mililita 50 zilezile. Niliamini nimetenda haki, maana kila ndoo imepata kiasi kimoja.

Baada ya mwezi tofauti ilionekana hata ukisimama mlangoni. Mahindi ya bakteria yalikuwa na kijani kizito kinachoelekea bluu. Kwenye kontroli, majani ya chini yalianza kuwa njano nchani, njano ikaingia ikifuata mshipa wa katikati, kingo zikabaki kijani, ile alama ya V mnayoijua, ya mmea wenye njaa ya naitrojeni. Nilipiga picha, picha zikasambaa. Kila mgeni aliyefika alipelekwa kuziona ndoo zangu.

Mvua zikiwa zinakaribia, mama mmoja wa Tandahimba, ambaye shambani kwake tulikuwa tunachukua sampuli, aliziona zile picha kwenye simu ya bwana shamba. Akaniuliza, "Mwanangu, hii dawa yenu inatosha bila mbolea?" Nikamjibu nilichokiamini. Nikasema inatosha, mama. Tukamlowekea mbegu kwenye bakteria, akapanda shamba lote, na pesa aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya yuria akanunulia bati.

Mwaka ule mvua zilikuwa njema, kwa hiyo hata mvua sikuweza kuisingizia. Mahindi yalipofika magotini yakaanza. Nilikwenda, nikainama kwenye mstari wa kwanza, na jani la chini kabisa lilikuwa na V. Nikaenda mstari wa pili. Nikatembea mpaka mwisho wa shamba nikiangalia majani ya chini tu, na mama ananifuata nyuma kimya, akiamini natafuta kitu ninachokijua. Yuria ya kukuzia hakuwa nayo, na pesa ilikuwa juu ya paa. Alivuna magunzi.

Nikarudi maabara na maelezo yangu tayari: joto la udongo, ushindani wa bakteria wenyeji, aina ya mbegu. Mzee aliyekuwa anatusimamia aliyasikiliza yote, kisha akauliza jambo moja. "Kontroli uliinywesha nini?" Nikasema maji. Akavuta karatasi. Mchuzi ule una peptoni gramu 5 na dondoo ya nyama gramu 3 kwa lita. Vyote viwili ni protini iliyovunjwavunjwa, na ukipiga hesabu, lita moja inabeba karibu gramu 1 ya naitrojeni. Mililita 50 ni miligramu 50 hivi, sawa na gramu 0.1 ya yuria, ndani ya ndoo ya mchanga usio na kitu, tena kila wiki. Nilikuwa nayawekea mahindi mbolea kwa jina la bakteria. Na shambani kwa yule mama, ambako mbegu ililowekwa tu, mbolea ile haikufika.

Tukarudia jaribio. Ndoo za kwanza zikapata bakteria hai pamoja na mchuzi wao. Za pili, bakteria waliouawa kwa otoklevu, mchuzi ukiwemo. Za tatu, bakteria hai waliooshwa kwa maji ya chumvi mpaka mchuzi ukaisha. Za nne maji, na za tano maji na yuria kidogo. Mahindi yaliyopewa bakteria wafu yalikuwa kijani sawasawa na yaliyopewa bakteria hai wenye mchuzi. Nilisimama mbele ya zile ndoo nikatamani nizibadilishe vibao. Yale ya bakteria hai waliooshwa yalikuwa na rangi ileile ya yale ya maji, lakini tulipoyang'oa na kusuuza mchanga, mizizi yake ilikuwa na matawi mengi zaidi na vinyweleo vingi zaidi. Bakteria wangu alikuwa anafanya kazi kweli, ila kazi nyingine. Wengi wa hawa wanatengeneza oksini, homoni ya mmea inayouchochea mzizi kutoa matawi. Mzizi wa hivyo unaokota vizuri zaidi kilichopo kwenye udongo. Kama kwenye udongo hakuna kitu, hauna cha kuokota.

Nilikwenda Tandahimba kumweleza. Nilidhani atanifukuza. Alisikiliza mpaka mwisho, hata habari ya peptoni, kisha akasema, "Ungeniambia unajaribu, ningekupa kona ya shamba. Wewe uliniambia inatosha." Msimu uliofuata tulimpelekea yuria. Mavuno yaliyopotea hayakurudi, na mtoto wake aliyekuwa anamaliza darasa la saba mwaka ule nilikuwa namjua kwa jina.

Kwa hiyo mkiniona nakuwa mkali juu ya ndoo tano, mjue ukali umetoka wapi. Atakayeniletea jaribio lenye bakteria upande mmoja na maji upande wa pili, sitaliangalia hata kama mahindi yamegusa dari. Na mkulima mwambieni "tunajaribu", kwa neno hilohilo, kisha mwombeni kona.

Huwa kuna mmoja anayeniuliza kama ni kweli mahindi ya Sierra Mixe kule Oaxaca, Mexico, yanajipatia naitrojeni ya hewani. Ndiyo, ni kweli. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba mahindi yale yana mizizi ya hewani inayotiririsha ute mtamu, bakteria wanakaa kwenye ute huo, na kati ya asilimia 29 na 82 ya naitrojeni ya mmea ilipimwa kuwa imetoka hewani. Ni mahindi marefu kupita kiasi, yanayochukua miezi mingi shambani. Mahindi yetu ya Nachingwea hayana ute huo. Kwenye nafaka za kawaida bakteria hana chumba chake kama alivyo nacho kwenye kinundu cha kunde, kile kivimbe cha mzizini. Anakaa katikati ya seli na kwenye mirija ya maji, na sukari anaipata kwa kudoea. Mchango wake upo, lakini usimwambie mtu aache yuria.

4. Vinundu vichimbwe kwa jembe, halafu vikate.

Ndani kukiwa na wekundu, leghemoglobini, ile protini nyekundu ya kinundu, ipo na kazi ya kunasa naitrojeni inaendelea. Kweupe, hakuna kazi. Kijani au kahawia, kimezeeka. Kwenye karanga vitafuteni pale mizizi midogo inapochipuka, kwa sababu bakteria wa karanga anaingilia kwenye nyufa za hapo. Ukivuta shina kwa mkono, vinundu vinabaki ardhini, unahesabu kilichobaki na kuandika kwamba Mnanje 2009, aina ya mbegu ya karanga, ina vinundu vichache. Mbegu ya watu inasingiziwa.

Na mkiandika sampuli mlikoitoa, andikeni ilikuwa umbali gani kutoka kwenye mkorosho. Hili kila mwaka linawapita. Kijana mmoja alilinganisha njugu mawe za aina mbili, moja ikiwa chini ya mikorosho, nyingine uwanjani karibu na nyumba. Ya chini ya mikorosho ilikuwa na vinundu vidogo, vyeupe, ya uwanjani vikubwa vyekundu, naye akaandika kurasa nzima kuhusu tofauti za kinasaba. Nikampa karatasi ya kupimia pH na chupa ya maji, nikamrudisha kulekule. Chini ya mikorosho udongo ulikuwa mchachu sana. Watu wanapulizia salfa ya unga kila mwaka kupambana na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Sehemu kubwa inadondoka chini, bakteria wengine wa udongo wanaigeuza kuwa asidi ya salfuriki, na kichanga chetu cha huku hakina uwezo wa kuimeza asidi hiyo. Udongo ukichachuka, molibdeni inashikwa na mmea hauipati. Bila molibdeni naitrojenasi hii haijengeki. Aluminiamu nayo inaachiwa na kuumiza mizizi. Unaweza kumwaga bakteria ndoo nzima pale na usione kinundu chekundu. Chokaa kwanza. Yule kijana alirudi na vipimo vyake, akaifuta ripoti, akaandika nyingine fupi kuliko zote nilizopokea mwaka ule, na ndiyo ninayowapa wengine wasome.

5. Sahani za vinundu msizitupe siku ya tatu.

Bakteria wa kunde, karanga na njugu mawe mara nyingi ni Bradyrhizobium, naye ni mpole, anachukua wiki hivi kuonekana. Wale wanaong'aa siku ya pili mara nyingi ni wageni tu, akina Bacillus, Pseudomonas na Enterobacter, ambao nao wanaishi ndani ya vinundu bila kuvijenga. Ukitaka kumjua mwenye nyumba, mrudishe kwenye mche uliooteshwa kwenye mchanga usio na vijidudu, usubiri vinundu vitokee, kisha umtoe tena.

6. Bakteria wa kupaka mbegu husafiri kwenye kivuli na ubaridi.

Akifika Newala kwenye bodaboda ndani ya mfuko mweusi saa saba mchana, umepeleka unga mtupu. Na asipakwe kwenye mbegu yenye dawa ya ukungu.

7. Kuona jeni la nifH, moja ya jeni za naitrojenasi, si kuona kazi yake.

Na kila PCR, kipimo cha kutafuta jeni, iwe na neli ya maji matupu, kwa sababu jeni hilo limewahi kukutwa hata kwenye vitendanishi vipya kutoka kiwandani.

8. Msile kwenye meza ya kazi. Hata korosho.

Wapo wanaonasa naitrojeni ndani ya mahindi walio ndugu wa karibu wa wanaoua watu hospitalini. Klebsiella wamo, na Burkholderia wamo. Kabla jina la bakteria halijathibitishwa, haruhusiwi kutoka kwenye jengo hili, hata kama mkulima ameomba kwa kusihi, hata kama ni mjomba wako wa Liwale.

9. Lebo.

Kwenye kifriza kuna boksi zima la neli za gliseroli zilizoandikwa "A1", "A1 mpya", "A1 nzuri", na moja imeandikwa "hii". Waliozihifadhi wameshaajiriwa mbali, wengine simu hawapokei. Siwezi kuzitupa, maana huenda mle ndani yumo bakteria wa maana, na siwezi kuzitumia, maana sijui alitoka Masasi au Kilwa, kwenye mbaazi au kwenye mtama. Andikeni kwa penseli au kwa kalamu isiyofutika kwa spiriti: mmea, kijiji, tarehe, media, jina lako. Nakala ya pili iwe kwenye daftari, na ya tatu kwenye kifriza cha jengo la pili, kwa sababu umeme ukikatika usiku wa Jumamosi hakuna anayejua mpaka Jumatatu.

Mtakaomaliza mwezi huu, barua zenu za kumaliza mafunzo nazisaini nikishaona boksi. Njooni na daftari, tukae tupitie neli moja moja.